ER: sikukuu wodini, na ile Valentine ya mwaka 2000

Karibuni tena jamani. Leo mezani kuna ER, ile tamthilia ya hospitali ya Chicago iliyoanza kwenye televisheni ya NBC ya Marekani Septemba 1994 na kumalizika Aprili 2009. Misimu 15, episodi 331. Nikisema nizichambue zote tutazeeka hapa, kwa hiyo leo ni zile za sikukuu tu. Kwangu hizo ndizo kipimo cha tamthilia ya hospitali: inajua kwamba wakati watu wanakula pilau, kuna wenzao wako zamu?

Mama yangu ni nesi mstaafu. Krismasi zetu nyingi tulikula saa nne usiku, yeye bado na sare, chakula kinamsubiri kwenye hotpoti. Nimeangalia naye, kwa hiyo baadhi ya maoni leo ni yake.

Tuanze na "The Gift", Desemba 1994. Benton, yule mpasuaji mwenye kiburi, ana mgonjwa ambaye ubongo wake umeshakufa. Yeye anaona figo, ini, moyo. Anaanza kupiga simu kwa wanaosubiri viungo kabla mke wa mgonjwa hajakubali! Halafu sasa ndiyo aende kumkabili huyo mke. Zawadi inayotajwa kwenye jina la episodi ndiyo hiyo, na hakuna aliyeifunga kwa utepe. Mama akasimamisha video: "Anaulizwa jambo kama hili peke yake? Ndugu wa mume wako wapi?" Kweli, kwetu hapo simu zingepigwa mpaka kijijini, na Benton angesubiri kikao.

Humo humo kuna George Clooney, akiigiza daktari Doug Ross, anayekwenda kwenye sherehe ya nesi Carol kumwambia anampenda, na Carol ana mchumba. Wanaompenda Clooney watafurahi. Mimi nilikwenda kuchemsha chai.

Ya mwaka uliofuata, "A Miracle Happens Here", ina bibi wa Kiyahudi aliyenusurika mauaji ya Wanazi. Gari limeporwa, mjukuu wake yumo ndani. Nzuri, ila inajua mno kwamba inataka ulie.

Kasoro? Miaka ya mbele waandishi walinogewa na balaa. Dakta Romano anakatwa mkono na helikopta, halafu msimu unaofuata helikopta nyingine inamwangukia. Jamani! Pia diski zangu hazina maandishi ya Kiswahili, na majina ya dawa yanarushwa kama karanga. Usihangaike nayo, angalia nyuso.

Ushauri wangu: anza msimu wa kwanza, usirukie ninayotaja sasa, maana bila kuwazoea watu haitakuuma.

"Be Still My Heart", Februari 2000. Siku ya Wapendanao, wafanyakazi wana sherehe yao, muziki juu. Lucy, mwanafunzi wa udaktari, ana mgonjwa kijana anayesoma sheria, akili inaanza kumchanganya. Lucy anaomba daktari wa akili aje, haji. Anamweleza Carter aliye juu yake, naye ana haraka zake. Hakuna anayefanya kosa kubwa, kila mtu anaahirisha kidogo tu. Mwishoni Carter anaingia kwenye kile chumba, taa zimefifia. Anaokota kadi ya Valentine sakafuni. Kisu kinamwingia mgongoni. Anaanguka, na akiwa chini, upande wa pili wa kitanda, anamwona Lucy amelala kwenye damu. Nje muziki haujapunguzwa hata kidogo. Nani anapona, sisemi.

Ila nilichokumbuka kuwaambia ni hiki: dakika nyingi kabla ya kisu, wakati mimi bado nacheka na sherehe yao, Mama aliweka kikombe chini akaniuliza, "Huyu kijana wa chumba kile, nani yuko naye?"