Uzoefu wangu: Galaxy A54 na Redmi Note 12 Pro 5G katika kazi ya video

Ninarekodi video za ngoma, harusi na mahafali hapa Bagamoyo, na kazi hiyo naifanya kwa simu mbili za bei ya kati: Samsung Galaxy A54 ya GB 128 na Redmi Note 12 Pro 5G ya GB 256, zote zikiwa na RAM (memori ya kazi zinazoendelea) ya GB 8.

Kwa WhatsApp, miamala na kuperuzi, sijaona tofauti ya kuzungumzia. Tofauti hujitokeza ninapohariri, kwa kuwa prosesa ya A54, yaani Exynos 1380, ina viini vinne vikubwa (sehemu za prosesa zinazobeba kazi nzito), ilhali Dimensity 1080 ya Redmi ina viwili tu, ingawa vyenyewe vina kasi kidogo zaidi. Ninapounganisha vipande vingi kwa pamoja, naiona A54 ikifanya kazi kwa wepesi zaidi.

Hata hivyo, kwa mtu wa video nafasi ndiyo huamua. Video ya 4K hula takriban MB 350 kwa dakika, hivyo ngoma ya saa moja hufikia GB 21, na GB 128, ukiondoa sehemu inayochukuliwa na mfumo wenyewe, hujaa upesi mno msimu wa harusi. Ni kweli kwamba A54 hupokea memori kadi ya hadi TB 1 na Redmi haina kabisa tundu la kadi, na wengi wanaolinganisha huishia hapo. Lakini kadi hiyo hukaa mahali pa laini ya pili: nikiichomeka, laini yangu ya miamala inatoka, na mteja wa sendofu anayetaka kunitumia salio la malipo yake hulazimika kuulizia namba nyingine. Tena kiwango cha UHS-I, ambacho kadi nyingi hukifuata, kina ukomo wa MB 104 kwa sekunde, chini sana ya kasi ya hifadhi ya ndani. Kwa hiyo kadi naifanya stoo ya kazi zilizokwisha, na kuhariri nahariri kutoka kwenye simu yenyewe.

Kuna muuzaji aliyenihakikishia kwamba simu aliyonionyesha ina "RAM ya 16". Kati ya hizo, GB 8 ni za ziada zinazokatwa kwenye hifadhi ya ndani, ambayo haiifikii RAM halisi kwa kasi; kwenye simu zangu nimezima nyongeza hiyo katika mipangilio, nafasi imerudi, na wala sijaona simu ikipungua kasi.

Betri zote mbili ni za mAh 5,000, ila Redmi huchaji kwa wati 67 na A54 kwa 25, tofauti inayoonekana sana umeme unaporudi saa moja kabla ya shughuli. Ningeambiwa nibaki na moja, ningebaki na Redmi, na sababu ya kwanza ingekuwa zile GB 256.