Panzi au Mende: Yupi Afaa Kujifunzia Mishono ya Kichwa?
Kwa anayetaka kuuona mshono, yaani mfereji mwembamba kwenye gamba gumu la kichwa cha mdudu, ule unaotenganisha paji la uso na bamba lililo juu ya mdomo wa juu, panzi hana mpinzani: mfereji wake hukingama usoni waziwazi, hata kwa lenzi ya mkononi, ilhali kwa mende hukatika katikati. Mende, hata hivyo, hupatikana mwaka mzima bila gharama, ingawa kichwa chake hujificha chini ya ngao ya kifua na harufu yake, kwa kweli, haizoeleki. Mstari wa kujivua gamba, yaani pale gamba la zamani linapopasukia mdudu anapokua, wenye umbo la Y iliyopinduliwa, utafutwe kwa wachanga wa wote wawili, kwani kwa wakubwa hufifia. Mwenye hadubini aweza kutosheka na mende. Mwenye lenzi tu heri amngojee panzi.