PlayStation 5: dola 50 za kisoma diski zinanunua nini

Anayenunua PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony, hukutana kwanza na uamuzi unaoonekana mdogo: achukue yenye kisoma diski, au ile isiyo nacho, ambayo bei yake ni nafuu. Tathmini hii inahusu zaidi uamuzi huo, kwa kuwa ubora wa mashine yenyewe hauna ubishi mkubwa. Hifadhi yake ina kasi kiasi kwamba gemu hufunguka kabla mchezaji hajachoka kusubiri, pedi ya DualSense huupa mkono hisia ambazo pedi za zamani hazikuwa nazo, na gemu nyingi mno za PlayStation 4 huendelea kuchezeka. Kasoro ya wazi ilikuwa umbo: toleo la kwanza lenye diski lilikuwa na uzito wa kilo 4.5, hadi lilipotoka toleo jembamba la mwaka 2023 lenye kilo 3.2.

Mashine hii ilipoingia sokoni Novemba 2020, nchini Marekani yenye diski iliuzwa dola 499.99 na isiyo na diski dola 399.99. Kichakataji kilikuwa kilekile, na hifadhi ileile. Siamini kwamba kisoma diski peke yake kilikigharimu kiwanda dola 100. Maelezo yenye mantiki zaidi yamo katika namna Sony inavyopata fedha. Kila gemu inayouzwa katika duka la mtandaoni la PlayStation huiachia kampuni sehemu ya bei, ambayo kwa desturi ya biashara hii imekuwa karibu asilimia 30. Diski mpya nayo huilipa ada ya leseni, lakini diski ya mtumba, au ile mtu aliyoazimwa na rafiki, haiipi chochote. Mwenye mashine isiyo na kisoma diski hana duka jingine la kulinganisha bei, na kwa mteja wa namna hiyo mtengenezaji anaweza kuvumilia hasara siku ya kwanza.

Kuvumilia hasara si kosa kwenyewe, na huenda soko hili lisingekuwepo bila uvumilivu huo. Mwaka 1993 mashine ya gemu ya 3DO ilianza kuuzwa kwa dola 699, kwa sababu viwanda vilivyoiunda, kikiwemo cha Panasonic, vilitegemea kupata faida katika mashine yenyewe, na haikudumu sokoni. Hata hivyo Sony iliwahi kuumia vibaya kwa kwenda upande wa pili. PlayStation 3 ya mwaka 2006, yenye kichakataji cha Cell na kisoma diski za Blu-ray vilivyokuwa ghali wakati huo, iliuzwa hadi dola 599, ilhali kampuni ya utafiti ya iSuppli ilikadiria kwamba kuitengeneza kuligharimu takriban dola 840, na kitengo cha gemu cha Sony kikafunga mwaka wa fedha kwa hasara ya zaidi ya yeni bilioni 230. Uangalifu uliofuata unaeleweka. Kuhusu PlayStation 5, Sony ilitangaza Agosti 2021, kabla hata ya mwaka kuisha tangu izinduliwe, kwamba toleo la dola 499 halikuwa tena likiuzwa kwa hasara.

Kinachonisikitisha ni yaliyofuata. Kwa miaka mingi mnunuzi mwenye subira alilipwa kwa subira yake: PlayStation 3 ilikuwa imeshuka hadi dola 299 ilipofika mwaka 2009. PlayStation 5 imekwenda kinyume. Toleo jembamba lisilo na diski lilianza kuuzwa dola 449.99, na Agosti 2025 bei za Marekani zikapanda hadi dola 499.99 kwa lisilo na diski na dola 549.99 kwa lenye diski. Aliyesubiri karibu miaka mitano kununua lile la bei nafuu alidaiwa dola 100 zaidi ya aliyenunua siku ya kwanza, na bado atalipia uanachama wa PlayStation Plus ili acheze na wenzake mtandaoni katika gemu nyingi za kulipia.

Kwa hiyo nashauri toleo lenye diski bila kusita. Kwa bei hizo za Agosti 2025 tofauti ilikuwa dola 50, ambayo diski chache za mtumba huirudisha, na anayebadili mawazo baadaye atanunua kisoma diski cha kuchomeka, kilichowekwa sokoni kwa dola 79.99, ambacho nacho hakifanyi kazi mpaka kisajiliwe kupitia intaneti mara ya kwanza. Sharti hilo nalipinga kabisa, kwa kuwa chombo cha kusomea diski ambazo mtu amekwisha kuzilipia hakipaswi kuomba ruhusa kwa mtengenezaji. Kuhusu PlayStation 5 Pro, toleo la hadhi ya juu, picha zake ni safi zaidi, lakini ilizinduliwa Novemba 2024 kwa dola 699.99 bila kisoma diski ndani yake, na kwa bei hiyo siwezi kuipendekeza kwa mtu mwenye kabati la diski.