Seti ya matcha niliyonunua Nyawera: chasen iko ya kweli, poda yake hapana

Bandugu benye munapenda chai, hii seti ya waanzaji ya matcha, njo chai ya kijani ya Japani yenye banasaga ikuwe poda, imeanza kuonekana mu butike za huku Bukavu na batu banaiangalia mu vitrini bila kujua kama banunue ao baache. Mimi nilinunua, mu butike moja ya Nyawera, banaitaja dola 40, tukaongea bei ikafika 35. Ndani ya karto unakuta bakuli ya udongo, chasen, njo ile ya mianzi yenye meno membamba ya kukorogea, kijiko kirefu cha mianzi kinaitwa chashaku, chujio kadogo, na paketi ya poda gramu 30.

Niseme mapema: chasen iko muzuri sana, bakuli kila mutu iko nayo mu nyumba, chujio inafanya kazi yake, na ile poda sikushauri.

Matcha ya muzuri ni kijani cha kuwaka, unaiona hata jioni umeme ukikatika na muko na buji tu. Hii ya mu seti ilikuwa inaelekea umanjano, na ukiisugua kati ya vidole inakwaruza, wakati poda ya kweli inateleza sawa hakuna kitu mu mukono. Ku paketi banaandika ceremonial, njo kusema ya sherehe ya chai, kwa herufi kubwa na muuzaji akaniambia hiyo njo ya juu kabisa papa, hauwezi kupata ingine. Lakini mujue kule Japani hakuna sheria yenye inapanga poda gani iitwe ceremonial na gani isiitwe, kila mutu anaweza kuandika. Mwenye anataka kununua aangalie kwanza mahali ililimwa, Uji, Nishio, Yame, Kagoshima, hizo njo sehemu zenye zinajulikana, kisha tarehe, kisha mukebe wenyewe, ju mwanga na hewa njo adui za hii kitu. Paketi yangu ilikuwa ya plastiki ya kuonekana ndani na ilikuwa inakaa ku jua la vitrini, sijui tangu lini, hapo hata poda ya muzuri ingekufa.

Na bei nayo ifikiriwe. Muti wa matcha ni ule ule wa majani ya chai yenye inalimwa huku ku milima yetu ya Kivu, Camellia sinensis, hakuna muti mwingine. Tofauti iko mu kazi: wiki tatu hivi mbele ya kuchuma, mashamba banayafunika yasipate jua, majani inakuwa kijani zaidi na utamu unapanda, bakisha kuchuma banayapitisha ku mvuke haraka ili isigeuke nyeusi, banaikausha, banatoa mishipa yote, kisha banasaga ku jiwe polepole, na jiwe moja kwa saa nzima linatoa gramu 40 tu hivi. Tena kuelekea mwisho wa 2024 batu ba dunia nzima balianza kuitafuta mpaka nyumba za zamani za kuuza chai za Kyoto kama Ippodo na Marukyu Koyamaen zikaanza kuwekea bateja kipimo cha mikebe ya kununua. Sasa seti nzima kwa dola 35, toa bakuli, toa chasen, toa faida ya muuzaji, poda inabakia na thamani gani?

Binamu yangu alikuwa anatoka Nairobi, nikamuagiza mukebe wa matcha ya Uji, gramu 30, dola 27. Ni mingi, najua, lakini ukitumia gramu 2 kwa kikombe unapata vikombe 15, kila kimoja haifike hata dola mbili. Nikaifungulia mezani na mama yangu iko pale, mama wa chai ya maziwa na tangausi asubuhi na jioni, akaniangalia navyochuja poda.

— Mwanangu, hii unaichemsha saa ngapi?
— Haichemshwe mama, inakorogwa tu.
— Na makapi?
— Haina makapi, majani yote unaikunywa.

Akakunywa, akanyamaza kidogo, akasema inanukia mboga ya lengalenga mbichi lakini nyuma inaacha utamu. Kwa kweli hakuna mutu amenielezea matcha vizuri kupita pale. Ile ya mu seti tuliijaribu palepale kando yake, ilibaki uchungu tu mpaka ku koo.

Sasa maji, na hapa njo batu mingi banaharibu kisha banasema matcha ni mubaya. Karatasi ya mu seti inakuambia umimine maji yenye inachemka. Usifanye vile. Maji ya moto sana inatoa ukali wote wa majani na inafunika utamu, inafaa iwe digri 70 mpaka 80. Sisi huku tuko mita karibu 1,500 juu ya bahari kwa hiyo maji inachemka ku 95 hivi, haifike 100, lakini hata 95 bado iko juu. Temometa haina lazima: mimina maji ya kuchemka mu bakuli yenyewe kwanza, inapasha bakuli, tena chasen unailoweka mule mule meno ilainike isikatike, kisha hamishia maji mu kikombe. Kila ukihamisha chombo joto linashuka karibu digri 10, ukihamisha mara mbili uko pazuri. Mwenye anaweka maji mu temosi tangu asubuhi, saa sita yake inaweza kuwa inafaa bila kuhangaika. Na kama unapika ku makala funika sufuria vizuri, ju moshi ukiingia mu maji utausikia mu kikombe, hii chai haifiche kitu.

Bakuli ikaushe. Chuja poda, vijiko viwili vya chashaku, hiyo ni gramu 2 hivi, usiruke kuchuja ju mabonge yakishashika maji hayatoki tena. Weka maji kidogo sana kwanza, koroga ikuwe uji laini, kisha ongeza mpaka mililita 70, na hapo ukoroge kwa nguvu ya kiganja, si ya mukono muzima, mbele na nyuma kama unaandika herufi M, usizungushe kama sukari mu chai. Povu likipanda dogo dogo, inua chasen polepole katikati, kunywa palepale, ukiiacha poda inashuka chini. Niliijaribu na uma, haitoe povu. Chupa ya jamu yenye kifuniko, ukiitikisa vizuri, inasaidia, kwa hiyo mwenye hana chasen anaweza kuanzia pale.

Na maziwa? Ndiyo kabisa, na hata ile poda ya mu seti niliimalizia vile, maziwa ya moto, sukari kidogo, uchungu wake unajificha. Lakini ya Uji usiitie maziwa siku ya kwanza, onja yenyewe kwanza, ju pesa yake iko mu ile harufu.

Usikunywe usiku. Gramu 2 ina kafeini miligramu 40 mpaka 70 hivi, inatosha kukuweka macho, na mama mwenye mimba asiikunywe ovyo. Tena usiikunywe pamoja na chakula, ju chai inazuia mwili kuchukua madini ya chuma mu maharagi na sombe, ngoja saa moja hivi.

Mukebe ukishafunguliwa umalize mu mwezi mmoja ao miwili. Ndani ya frigo sawa, lakini funga kabisa na uiweke mbali na samaki za sambaza, inavuta harufu haraka sana, na ukiitoa usiifungue palepale, ngoja ifike joto la nyumba ju ikiingia unyevu imekwisha.

Kwa hiyo kama mu ile butike banakubali kukuuzia chasen peke yake, chukua, mimi ningelipa hata dola 12. Bakikataa basi nunua seti nzima ukijua poda ni ya maziwa tu, na upange pesa ya mukebe wa kweli kwa mutu mwenye anasafiri. Chasen ukimaliza ioshe na maji tu, hapana sabuni, na uiache isimame ikauke kabla ya kuirudisha mu kopo lake, huku kwetu musimu wa mvua ukiifunga ikiwa na maji inaota kuvu.