Uzoefu wangu na picha ya kudarizi ya milima ya Usambara iliyouzwa kuwa ni kazi ya mkono

Wakati wa masika nilinunua picha ya ukutani ya kudarizi, yenye mandhari ya milima ya Usambara, katika duka moja la kazi za mikono hapa Dar es Salaam ambalo sitalitaja jina. Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Lebo ilisema kwamba picha imedariziwa kwa mkono Lushoto, bei ilikuwa bei ya kazi ya mkono, na muuzaji alinihakikishia kwa kinywa chake kwamba fundi alikaa nayo miezi kadhaa. Nililipa bila kuomba kupunguziwa hata shilingi, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa huko, mama yangu alidarizi mashuka tangu ujana wake, na ninajua kwamba ukiipigia bei kazi ya namna hiyo unampunja mwenzako macho yake.

Nyuma ya fremu palikuwa pamezibwa kwa karatasi ngumu iliyogundishwa pande zote nne. Nilipoibandua ili nibadilishe kamba ya kutundikia, nilikuta uzi mweupe. Nyuma ya anga, nyuma ya milima, nyuma ya matuta ya mashamba na mapaa ya nyumba, kote ni uzi uleule mweupe wa bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini wa mashine, pamoja na mabaki ya ile karatasi laini ambayo mafundi wa mashine za kompyuta huiweka chini ya kitambaa ili kisivutike. Anayedarizi kwa mkono hana bobini. Uzi wa buluu alioupitisha mbele ndio huohuo wa buluu unaotokea nyuma, na vifundo vyake unaviona, na mahali uliporuka kutoka jani moja kwenda jingine unapaona.

Tangu hapo hata upande wa mbele sikuweza kuutazama kwa utulivu. Aliyewahi kupanda barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, ile ya kona juu ya kona, au kusimama Irente akatazama bondeni kule Mazinde kwenye mkonge, anajua kwamba milima ile haina rangi moja hata kwa nusu saa. Fundi wa mkono anayetaka kuionyesha huuchambua uzi wa kudarizi, ambao huwa na nyuzi sita ndani yake, akatumia mbili au hata mmoja. Huugeuza mshono ufuate mteremko. Hupitisha kijani kilichokolea na kijani kilichopauka katika tundu moja la sindano ili ukungu uonekane umekaa juu ya miti. Kila mshono anauamua upya, na ndiyo maana kazi huchukua muda mrefu, na muda huo ndio nilioulipia. Katika picha niliyouziwa mishono yote ilielekea upande mmoja, urefu mmoja, kwa uzi unaong'aa, na mlima mzima ulikuwa umelazwa kama zulia la plastiki.

Sina ugomvi na mashine. Inadarizi nembo za sare za shule vizuri na haraka, na anayetaka picha ya bei nafuu anayo haki ya kuipata. Iuzwe basi kwa jina lake na kwa bei yake.

Nilirudi dukani siku chache baadaye nikiwa na picha na risiti. Kijana aliyeniuzia aliipokea, akaigeuza, akaitazama kidogo, kisha akaniuliza mbele ya wateja wengine: "Kwani mama, utatundika mbele au nyuma?" Nikamjibu, "Mwanangu, nililipia mkono." Akatabasamu. Nilipoomba kuonana na msimamizi, akaja mwanamke aliyenisalimia vizuri, na kwa dakika moja nilidhani tutaelewana, mpaka aliposema kwamba wanauza picha hizi kwa wageni kila wiki na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Maneno hayo ndiyo yaliyonikera kuliko uzi mweupe wenyewe. Maana yake ni kwamba hesabu yao yote inategemea mnunuzi asiyeyajua mambo yetu, ambaye ataipeleka picha Ulaya na hataifungua kamwe.

Ningeishia hapa kwa kusema msinunue, na ndivyo nilivyokusudia, lakini sitautendea haki ukweli nisipoeleza kona ya chini ya kushoto. Huko, karibu na jiwe la kijito, kuna maua madogo ya zambarau ya Usambara, yale yaliyopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire na ambayo mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliyapa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Nyuma ya maua hayo hakuna uzi mweupe. Kuna zambarau, kuna manjano ya katikati, kuna vifundo. Aliyeyadarizi anayajua kwa kuyaona yakimea kivulini kwenye miamba, kwa sababu petali mbili za juu amezifanya ndogo kuliko tatu za chini, jinsi zilivyo hasa, na juu ya majani amepitisha uzi mmoja mmoja mfupi kuonyesha vile vinyweleo vyake. Kitu hicho hakikunakiliwa kutoka kwenye kadi ya posta. Kona hiyo peke yake naithamini kuliko fedha yote niliyotoa.

Na ndipo hasira yangu inapozidi. Duka hilo linaye mtu mwenye mkono wa namna hii, na wamempa kipande cha upana wa kiganja ili neno "mkono" lililo kwenye lebo lisiwe uongo mtupu, halafu hata jina lake hawakuliandika. Niliuliza ni nani. Msimamizi alisema hawatoi taarifa za mafundi wao, jambo ambalo ninaweza kulielewa, basi nikaacha namba yangu ya simu ili wao wampe yeye. Hadi leo hakuna aliyenipigia, na sijui kama karatasi ile ilivuka hata kaunta.

Walijitolea kunirudishia nusu ya fedha endapo ningeiacha picha. Nilikataa. Nikipata fundi wa kunisaidia kukikata kitambaa chake cha marekani bila kuvuta nyuzi, nitaitoa kona ile na kuitengenezea fremu yake, iliyo wazi nyuma. Wewe unayetaka kununua dukani kwao, omba karatasi ya nyuma ibanduliwe kabla hujatoa fedha, na wakikataa, ondoka.