Bima ya magonjwa hatari: thamani yake imo kwenye ukurasa wa fasili

Mkataba ninaoutathmini hapa ni kiambatisho cha magonjwa hatari kinachouzwa pamoja na bima ya maisha na kampuni moja ya Dar es Salaam. Sitaitaja kampuni hiyo, kwa kuwa masharti yake yanafanana sana na yanayotumika kwingineko duniani, na ninachoomba msomaji akipime ni masharti hayo, si jina lililochapwa kwenye bahasha. Nimekuwa nikilipia mkataba huu kwa miaka kadhaa, nimeusoma wote, na nimewahi kukaa na jamaa wakati wa kudai fidia. Naupenda na ninautakia mema, na ndiyo maana nataka anayeununua ajue hasa ananunua nini.

Kwanza itambulike kwamba hii si bima ya matibabu. NHIF au bima nyingine ya afya huilipa hospitali. Bima ya magonjwa hatari humlipa mgonjwa mwenyewe, kwa mkupuo mmoja, baada ya ugonjwa uliotajwa kuthibitishwa, na hakuna anayemuuliza fedha hizo amezitumiaje. Anaweza kulipia kodi ya nyumba, karo za watoto, nauli ya kwenda Muhimbili kutoka mkoani, au pengo la mshahara wa mke aliyeacha kazi ili amuuguze. Wazo hili lilizaliwa Afrika Kusini. Daktari Marius Barnard, mpasuaji wa moyo aliyekuwa kwenye timu ya kaka yake Christiaan iliyopandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1967, aliona wagonjwa wake wanapona lakini wanabaki hawana kitu, na tarehe 6 Oktoba 1983 bima ya kwanza ya aina hii ikaanza kuuzwa ikiwa na mambo manne tu: saratani, mshtuko wa moyo, kiharusi na upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo. Kwa wazo hilo pekee ningeipa bidhaa hii alama za juu kabisa.

Shida inaanzia kwenye kipeperushi. Kina safu mbili za majina ya magonjwa, na msomaji wa kawaida huhesabu majina hayo akidhani kwamba mengi ndiyo mema. Hesabu hiyo haimsaidii, kwa sababu kampuni hailipi jina la ugonjwa bali hulipa fasili yake, na fasili hazimo kwenye kipeperushi. Zimo nyuma kabisa ya mkataba, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza. Shangazi yangu alipomuuliza wakala, "Mwanangu, na sukari imo humo?" alijibiwa kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Ondoa shaka, magonjwa yote makubwa yamo." Jibu hilo halikuwa sahihi. Kisukari hakimo, wala shinikizo la damu halimo. Yaliyomo ni madhara ya mwisho ya maradhi hayo, yaani figo zilizokufa, kiharusi, mshtuko wa moyo na upofu usiotibika.

Chukua figo, kwa kuwa ndipo wagonjwa wengi wa kisukari na presha huishia. Fasili inadai figo zote mbili ziwe zimeshindwa kufanya kazi, hali hiyo iwe ya kudumu, na mgonjwa awe ameanza kusafishwa damu mara kwa mara au amepandikizwa figo. Mtu ambaye figo zake zimeshuka hadi hatua ya nne, anayevimba miguu, anayekula kwa kupimiwa na kuhudhuria kliniki kila mwezi, halipwi chochote. Hata aliyefika hatua ya tano, ambayo uwezo wa figo huwa chini ya 15 kwenye kipimo cha uchujaji, hatalipwa iwapo daktari ameona kuna sababu ya kumchelewesha kuingia kwenye mashine. Pamoja na ukali huo, naiona fasili hii kuwa ya haki, kwa sababu ni ya wazi: umeanza kusafishwa damu au hujaanza, na cheti cha daktari bingwa kinamaliza ubishi.

Siwezi kusema hivyo kuhusu moyo. Kwa mshtuko wa moyo, mkataba unataka maumivu ya kifua, mabadiliko kwenye kipimo cha umeme wa moyo na kupanda kwa troponini (protini inayovuja kutoka kwenye moyo ulioumia) kwenye damu, jambo ambalo hospitali yoyote kubwa inaweza kulithibitisha. Lakini kwenye upasuaji wa mishipa ya moyo unataka kifua kiwe kimefunguliwa. Aliyezibuliwa mshipa kwa kupitishiwa mrija mkononi au pajani na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi, ametolewa kwa maneno ya wazi. Mwaka 1983 sharti hilo lilikuwa na mantiki yake. Leo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete yenyewe huzibua mishipa kwa njia hiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba mgonjwa aliyepata tiba nyepesi na ya kisasa zaidi hana haki ambayo angekuwa nayo kama angepasuliwa.

Kiharusi kinahitaji subira. Ni lazima dalili za kudumu za neva, kama vile upande uliopooza au kauli iliyopotea, ziwepo bado miezi mitatu baada ya tukio, na picha ya CT au MRI ionyeshe athari kwenye ubongo. Sharti la aina hii lipo kwingineko pia: Singapore hungoja majuma 6, na fasili za China hungoja siku 180. Kiharusi cha muda mfupi, kile kinachomwangusha mtu asubuhi na kumwachia jioni, hakilipwi kabisa. Naelewa kwa nini kampuni inangoja, ila familia ndiyo inayohitaji fedha katika miezi hiyo ya mwanzo, wakati wa kununua kiti cha magurudumu na kumlipa mtu wa mazoezi ya viungo.

Kwenye saratani ndipo ninapowasihi wanawake wenzangu wasome kwa makini. Mkataba unalipa saratani iliyothibitishwa kwa kupima kipande kidogo cha nyama kilichokatwa mwilini na ambayo chembe zake zimepenya kwenye tishu za jirani. Zile ambazo hazijapenya, ziwe za titi au za mlango wa kizazi, haziko ndani ya mkataba, sawa na saratani nyingi za ngozi na ile ya tezi dume iliyo katika hatua ya chini. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, na tunahimizwa kila siku tukapimwe mapema, jambo ambalo ni sahihi kabisa; lakini anayegunduliwa mapema, akatibiwa na kupona, asitarajie fidia. Afrika Kusini makampuni yamekubaliana kuyagawa magonjwa yale manne ya mwanzo katika ngazi, kutoka A iliyo kali zaidi hadi D iliyo nyepesi, ili ugonjwa mwepesi nao uweze kupata sehemu ya fidia. Mkataba huu hauna ngazi: unalipwa chote au hulipwi.

Kuhusu muda, kuna siku 90 za kusubiri tangu mkataba uanze, na kuna siku 30 ambazo mgonjwa lazima aishi baada ya kugunduliwa. Kadhalika, fidia hii hukatwa kutoka kwenye bima ya maisha. Mwenye bima ya shilingi milioni 40 akilipwa milioni 20 kwa ajili ya figo, warithi wake watabakiwa na milioni 20, si 40. Kipeperushi hakisemi hivyo.

Fomu ya afya nayo ijazwe kwa mkono wako mwenyewe. Wakala wetu alikuwa tayari ameshaweka alama kwenye "Hapana" kwa maswali yote, pamoja na lile la dawa za presha, ambazo shangazi huzimeza kila asubuhi. Alama ile moja ingetosha kulikataa dai lake miaka 10 baadaye. Tuliomba fomu mpya. Ada yake ilipanda, lakini mkataba wake sasa una maana.

Kwa ujumla nauona mkataba huu unamfaa mtu mwenye afya aliye chini ya miaka 45, mwenye watu wanaomtegemea na ambaye tayari ana bima ya matibabu. Niliandika barua kuuliza kuhusu stenti, na kampuni ikanijibu kwamba toleo jipya la kiambatisho linalipa sehemu ndogo ya kiasi cha bima kwa tiba hiyo, ila mwenye mkataba wa zamani anayetaka kuhamia huko lazima ajaze upya fomu ya afya na kuanza upya siku 90. Ambaye hajagunduliwa na lolote tangu alipojiunga anaweza kuhama bila hofu. Aliyepata presha au kisukari katikati asihame kabla hajapewa kwa maandishi majibu ya maombi yake mapya, na ada ya mkataba wa zamani aendelee kuilipa hadi siku hiyo.