ThinkPad X220 au X230? Ugomvi Wangu Ni Kibodi

Haya wadau, karibuni. Mezani leo nina laptopu mbili za Lenovo, wazee wawili: huku ThinkPad X220 ya 2011, huku mdogo wake X230 ya 2012. Zikifungwa ni mapacha. Prosesa sitawachosha nayo, X230 ina kasi kidogo na grafiki zake ni HD 4000 badala ya 3000. Basi.

Sasa nazifungua. Hesabu nami safu za vitufe kwenye X220: moja, mbili... saba! Njoo X230: sita. Hiyo safu iliyoondoka ndiyo inayonikera. Tazama Delete ya X220, ndefu, imesimama kule juu, kidole kinaifuata hata ukifumba macho. Home, End, Page Up, Page Down, zote zimekaa pamoja. Huku je? Home na End zimepandishwa kwenye safu ya F1 hadi F12, Page Up na Page Down zimebanwa na mishale. Na Print Screen, ona ilipo: kati ya Alt na Ctrl! Unatafuta Ctrl, unapiga picha ya skrini. Nani aliwatuma?

Sikiliza mlio wa X220... umesikia? Hii ya X230... Aa, si mbaya, tusiionee. Anayetoka kwenye laptopu nyembamba za siku hizi ataiona tamu.

Na usiku X230 inanifunga mdomo. Nazima taa ya chumba. X220: Fn na Page Up, kinawaka kitaa juu ya kioo. X230: Fn na Space, vitufe vyenyewe vinawaka! Ila uliza kwanza, si zote zina hiyo kibodi ya taa. Bonyeza tena, tena, na kile kitaa cha juu kimo.

Mnaoniandikia kuhusu ThinkPad nyingine, T420: ndiyo, safu saba pia, inchi 14. Video inakuja, gonga kengele.

Bei za mtumba zinakaribiana, usiongeze pesa kwa ajili ya namba 230 tu. Mwambie muuzaji aiwashe, ulaze kioo nyuma. Rangi zikigeuka, hiyo si IPS, yaani kile kioo kinachoshika rangi hata ukikitazama kwa pembeni. Penye IPS, ongeza hela bila kinyongo.

Jambo la betri: X230 hukagua betri, isiyo halisi inagoma kuchaji. X220 haina maswali hayo. Lakini X230 ina matundu mawili ya USB 3.0, yale ya kasi, wakati X220 yenye prosesa ya i5 haina hata moja, na mimi nahamisha mafaili ya video kila siku...

Eeh, mnaona ninakoelekea. Kibodi ya X220 inaingia kwenye X230! Unakata vimeno vichache, unabadilisha programu ya ndani ili vitufe visome sawasawa, na marekebisho hayohayo yanaweza kuondoa na ule ukaguzi wa betri. Kwa hiyo nanunua X230, X220 nainyang'anya kibodi. Bisibisi iko wapi?